Vigingi vya Kuazima

Kazi yangu ni kuhesabu majani, na kwa kazi hiyo nimewahi kumvunja mwanamume mtulinga. Watu wakisikia kuwa mimi ni mtaalamu wa mimea hudhani nashinda bustanini nikinusa maua. Waje wanione mwezi wa tano, mvua zikikaribia kwisha, kwenye milima iliyo juu ya Bujumbura: nimepiga magoti tangu asubuhi, mundu mkononi, jasho limeniingia machoni, namfokea mwenzangu kwa sababu amekanyaga kipande ambacho bado sijakihesabu. Hasira ninazo tangu utotoni. Sijisifu nazo, ila siwezi kusimulia habari hii nikajifanya mpole.

Mwaka ule tulikuwa watatu. Dereva alikuwa mtu wa Buyenzi, Mwislamu wa mjini hasa, ambaye alimaliza swala ya alfajiri ndipo akaja kunichukua nyumbani kwangu Musaga. Wa pili alikuwa fundi wa udongo, mwanamume mkimya anayeweza kukaa shimoni nusu siku akilinganisha rangi za udongo na zile zilizochapwa kitabuni. Wa tatu ni mimi. Tulipanda kila asubuhi, mwendo wa saa moja na zaidi, hadi kwenye malisho yaliyotazamana na mgodi.

Mgodi ulikuwa umeufungua mlima mzima ng'ambo ya kijito. Pale palipokuwa na majani na migomba palibaki jeraha jekundu, na kila siku saa sita mchana walilipua baruti. Kwanza king'ora kililia, kisha ardhi ikakupiga magotini kabla hata hujasikia mlio. Vipande vya mawe vilifika hadi upande wetu. Siku ya tatu kimoja kilimpata mbuzi wa watu kichwani, akaanguka akirusha miguu, na dereva akakimbia na kisu kumchinja kabla hajafa mwenyewe. Mwenye mbuzi alipofika alitutazama sisi kana kwamba sisi ndio tuliolipua. Nilichukia sana. Nilimwambia aende akawatazame hivyo watu wa mgodi.

Kwa haki, sisi tulikuwa upande wake. Mgodi ukimaliza kuchimba unatakiwa kuurudisha mlima ulivyokuwa, na hakuna anayeweza kusema ulivyokuwa mpaka aende kwenye mlima wa jirani ambao haujaguswa, ahesabu kinachoota na apime udongo. Malisho yale ndiyo yaliyochaguliwa kuwa kipimo. Makubaliano yalikuwa kwamba mgodi hautaweka hata jiwe moja hapo miaka yote tutakayokuwa tunapima. Kwa maneno mengine, palikuwa mahali salama kuliko pote kwenye milima ile. Jambo hilo tulilijua sisi watatu, ofisi yetu ya mjini, na wakubwa wa mgodi.

Kazi yenyewe haina siri. Unavuta kamba ndefu, kila baada ya hatua kadhaa unalaza fremu ya chuma ya mita moja kila upande, unaandika kila mmea uliomo, kisha unakata yote mpaka chini na kuyatia kwenye mfuko yakakaushwe mjini na kupimwa uzito. Nyuma yako panabaki viraka vilivyonyolewa. Fundi wa udongo naye anachimba shimo la kufika kifuani, na kwingine anatoboa kwa kekee, fimbo nzito ya chuma yenye mpini wa kukingama na ncha ya kuzunguka. Mvua za mwaka unaofuata unarudi kupima mahali pale pale. Ili upajue, kila kiraka lazima kiwekewe kigingi cha chuma.

Vigingi vyetu vilitakiwa kuwa vyeupe. Tulikuwa tumeviagiza kwa fundi wa kuchomelea kule Buyenzi, lakini fundi akafiwa na karakana ikafungwa, na mimi sikutaka kupoteza hata siku moja ya mvua. Nikaenda ghala la mgodi nikaazima vyao. Mtunza ghala alinipa ishirini, vizuri, vizito, vichwa vimepakwa rangi nyekundu.

Dereva aliviona nikivipakia garini akatikisa kichwa. "Mama, batu ba huku banaogopa hii rangi," alisema. "Mi nabaona kila siku njiani. Kigingi kama hiki kikiingia mu shamba, kisha wiki mbili, tingatinga linakuja."

"Chuma ni chuma," nikamjibu. "We endesha gari."

Wiki ya kwanza tulitembea tukikagua tu; ya pili, tulipoanza kuvuta kamba, mwenye malisho alitukuta. Alikuwa mzee wa miaka sitini hivi, mwembamba, na ng'ombe wanne wenye pembe ndefu ambao alimwita kila mmoja kwa jina lake. Alitusalimu kwa Kirundi, akasimama akiegemea fimbo yake, akaniuliza kwa adabu tunapima nini. Mimi nilikuwa nimeshikilia penseli kwa meno na upepo ulikuwa unanivurugia karatasi.

"Majani tu, mzee," nikasema.

Alicheka. Hajawahi kuona mtu mzima anatumwa kupima majani. Lakini hakuondoka. Alinishikia ncha ya kamba, na kila nilipogusa jani yeye alilitaja: hili ng'ombe wanalipenda likiwa changa, hili linatia maziwa uchungu, hili ni mukenke wa kuezekea. Fundi wa udongo alipofika chini shimoni akatuita tutazame. Udongo mweusi ulikuwa wa kina cha mkono mzima, mizizi imeufuma, ndipo mwekundu ukaanza. Alisema miaka yote ya kazi yake hajaona udongo mzuri kama huo karibu na mji. Mzee aliposikia akajibu kwamba jembe halijawahi kuingia pale. Baba yake alikataza. Kaka yake alipotaka kulima mihogo, walipigana kwa fimbo mpaka wote wawili wakazirai, na huyo kaka alihamia mbali bila kusameheana naye. Alitufunulia kovu kichwani, akatuonyesha kwa fahari.

Nilimpenda mzee yule. Nasema hivyo ili ieleweke kwamba sikumfanyia nilichomfanyia kwa chuki.

Mchana aliwapeleka ng'ombe kijitoni. Sisi tukachukua nyundo tukapigilia vigingi, kumi na tisa, kwa sababu kiraka cha mwisho kilikuwa juu ya mwamba na chuma hakikuingia. Cha ishirini nikakitupa chini ya kiti cha gari. Saa kumi tukateremka mjini, mimi nikiimba.

Asubuhi yake hapakuwa na kigingi hata kimoja. Kamba ilikuwa imekatwa vipande vipande. Shimo la fundi wa udongo lilikuwa limefukiwa, na juu yake mtu alikuwa amekanyagakanyaga kwa nguvu, nyayo zilionekana. Kazi ya siku ilikuwa imekwenda na maji. Mtu mwenye akili angeketi chini akajiuliza. Mimi damu ilinipanda kichwani, nikaipiga fremu teke mpaka nikaumia kidole, nikampokonya dereva ufunguo, nikaendesha mwenyewe mpaka lango la mgodi.

Mkuu wa walinzi alikuwa anakunywa chai. Nilisimama mbele yake bila salamu. "Kuna mwizi amechukua vigingi vyenu," nikasema. "Vyote. Navitaka kabla ya saa sita."

Alitua kikombe taratibu. "Ni ule muzee wa ng'ombe," akasema. "Tunamujua. Rudi ku kazi yako, mama. Vitakuja."

Hapo ndipo ningeweza kuirudisha kauli yangu. Wiki ya kwanza tu nilikuwa nimemwona mmoja wa walinzi wale akimpiga mwanamke rungu mgongoni kwa kuokota kuni karibu na uzio, na mwanamke akatambaa kwa mikono miwili mpaka barabarani. Nilijua jinsi wanavyoulizia vitu. Nilijua, nikasema, "Sawa," nikarudi kwenye gari.

Tulianza upya upande wa juu, tukifunga vitambaa kwenye mawe badala ya vigingi. King'ora kililia, mlima ukalipuka kama kawaida, vumbi likapanda. Vumbi lilipotulia, fundi wa udongo akanigusa bega na kunionyesha kijitoni.

Walinzi walikuwa wanne. Mzee alikuwa ndani ya maji hadi magotini, anainama, anatoa vigingi alivyokuwa amevitupa humo, kimoja kimoja, na kila alipotoa kimoja alipigwa rungu. Kisha wakampandisha hadi palipofukiwa shimo wakampigisha magoti. Kutoka juu nilimwona mkuu wao akivihesabu vigingi kwa kidole, anafika mwisho, anarudia. Nikaelewa anachohesabu. Nilianza kukimbia.

Mlima ule ukiushuka kwa mbio majani hukukata miguu. Nilianguka mara mbili. Nilikuwa nakimbia napiga kelele, "Kiko kwenye gari! Kimoja kiko kwenye gari!" lakini upepo ulikuwa unatoka kwao unakuja kwangu, na kwa upepo huo huo mimi nilisikia kila kitu. Walikuwa wanamwuliza cha ishirini kiko wapi. Alisema amevitoa vyote. Wakaulaza mkono wake wa kulia juu ya jiwe, wawili wakamkalia, na wa tatu akaupiga kwa kigingi. Mkuu akauliza tena. Yule wa tatu akapiga tena. Mzee alikuwa ameacha kusema maneno, alikuwa anatoa sauti moja ndefu, na ng'ombe wake waliokuwa mbali wakaanza kulia nao.

Sikumbuki nilivyoichukua kekee. Fundi wa udongo anasema nilimpokonya wakati anakimbia kando yangu. Nakumbuka tu uzito wake ukizunguka, na ile sauti kavu ilipomfikia begani yule mwenye kigingi. Alianguka chali, uso umekuwa wa kijivu. Nikaiinua tena. Nilikuwa namwendea wa pili, na ukweli ni kwamba nilikuwa nataka kumpiga kichwani.

"Wacha, mama! Utaua mutu!" Fundi wa udongo alinikumbatia kwa nyuma, akaning'ang'ania na miguu yangu haigusi chini. Rungu la mtu likanipata kwenye mbavu. Dereva akaja na gari moja kwa moja kupitia malishoni, honi imeshikiliwa, akaliingiza katikati yetu, akaruka chini akiwa ameshika kile kigingi. Akakitupa miguuni pa mkuu wa walinzi.

"Hiki hapa!" akapiga kelele. "Kilikuwa mu gari yetu! Mnaua mutu sababu ya chuma?"

Wakatulia. Mkuu alikitazama, akakiokota, akakiweka pamoja na vingine, akasema kwamba sasa hesabu imetimia. Walimbeba mwenzao wakaenda zao.

Tulimlaza mzee kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwangu. Mkono ulikuwa umevimba, umepoteza umbo, mfupa mmoja umetokeza. Kila kona aliuma meno. Karibu na kuingia mjini alifungua macho akaniuliza kama ng'ombe wako salama. Nikasema ndiyo. Akaniambia, "Umenipigania, mwanangu. Mungu akuone." Dereva alinitazama kwenye kioo. Nikageukia dirisha.

Jioni hiyo hiyo shefu wetu, mkuu wa ofisi yetu ya mjini, aliniita nyumbani kwake Kiriri. Mbavu ziliniuma hata kupumua. Alikuwa ameshapigiwa simu kutoka mgodini.

"Mama, walinzi si kazi yetu," alisema. "Mu ripoti unaandika majani, unaandika udongo, basi, point final. Na yule umevunja bega, bo banasema batanyamaza kama na sisi tunanyamaza. Ni affaire imekwisha."

Nilikuwa nimekuja na mfuko wa udongo mweusi wa lile shimo, sijui kwa nini, labda ulikuwa bado umening'inia begani. Nikamrushia. Ulimkosa, ukagonga ukuta mweupe ukapasuka, udongo ukamwagika juu ya kochi na zulia na karatasi zake. Mke wake akatoka ndani, akasimama mlangoni na mkono mdomoni. Shefu hakufoka. Alisema nikae nyumbani mpaka atakaponiita, na mpaka leo nafikiri alikuwa na haki ya kunifanyia zaidi ya hapo. Lakini hata nilipokuwa narusha ule mfuko nilijua namrushia mtu asiyestahili peke yake.

Kwa kuwa nilikuwa sina kazi, kila siku nilikwenda hospitalini na mkate, ndizi na uji. Madaktari walifanya waliloweza. Walisema mkono utabaki, lakini vidole havitafumba tena. Mzee alikuwa amekuwa maarufu wodini. Kila mgonjwa mpya alisimuliwa jinsi mama mmoja wa mjini alivyoshuka mlima mbio akampiga mlinzi kwa chuma. Nilipoingia walinishangilia. Wanaume waliofungwa bandeji walinyoosha mikono kunisalimu. Siku ya kwanza nilijiambia mzee bado ana homa, nitamweleza kesho. Siku ya pili nikajiambia hivyo hivyo. Usingizi uliniacha. Nilimgombeza kila mtu nyumbani, nikavunja sahani mbili, na bado kila asubuhi nilikwenda kushangiliwa.

Siku ya nne mke wake alishuka kutoka mlimani. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye miguu iliyopasuka, amevaa vitenge vyake vya kanisani, na kichwani amebeba chombo cha maziwa cha mti chenye kifuniko kilichosukwa. Kule juu kwao bado wanashika desturi ya zamani kwamba mwanamke hakamui ng'ombe. Kazi hiyo ni ya mwanamume, na mwanamume wa nyumba ile alikuwa hapa, mkono umefungwa kwenye ubao. Wana wao wako mbali. Jirani alikuja siku moja, ya pili akaogopa walinzi, hakuonekana. Ng'ombe walilia kwa maumivu ya viwele mpaka mwanamke yule akashindwa kuvumilia. Alituambia alijifunga kitenge usoni ili angalau asione anachofanya, akaketi, akakamua. Alidhani ng'ombe atakufa au maziwa yatakuwa damu, lakini yalitoka maziwa.

Mzee alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha machozi yakamtoka, akageukia ukuta kidogo, akarudi.

"Mpe yeye kwanza," akamwambia mkewe.

Mwanamke alimimina kikombe kikajaa, akapiga goti moja, akanipa kwa mikono miwili. Wodi nzima ilitutazama. Nikapokea kwa mikono miwili. Nikayapeleka mdomoni, nikameza funda moja, nikakishusha kikombe.

"Ni mimi niliyewatuma," nikasema.

Hawakuelewa. Nikasema tena, kwa Kirundi, polepole, niyasikie mwenyewe. Nilikwenda langoni kwa miguu yangu. Nilimwita mwizi. Niliwaambia navitaka kabla ya saa sita. Kigingi walichokuwa wanamwulizia wakimvunja mkono nilikuwa nimekitupa mimi chini ya kiti cha gari.

"Na malisho yangu?" mzee akauliza. Hilo ndilo lilikuwa la kwanza. "Watayachukua lini?"

"Hawayachukui. Ndiyo yaliyochaguliwa yasiguswe. Vigingi vile vilikuwa vya kuyalinda."

Kitanda cha pili mtu alikohoa. Mzee aliutazama mkono wake uliofungwa, vidole vimetokeza mwishoni, vyeusi.

"Mbona hukuniambia?" akasema. Hakuinua sauti.

Ningesema nilikuwa na haraka, na hiyo ndiyo kweli yenyewe, lakini haikuweza kutoka. Mwanamke alikuwa amesimama. Alinipiga kofi, la kwanza, la pili, mkono mgumu wa jembe, na damu ikanijaa mdomoni. Sikujikinga, kwa sababu mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye kikombe na niliogopa kumwaga. Akaushika ukingo wa kikombe ili aninyang'anye. Mzee akanyoosha mkono wake wa kushoto akamzuia.

"Mwache," akasema. "Amekwisha kupewa. Anywe."

Mwanamke akakiachia kikombe. Walinisubiri, yeye amesimama, mumewe amelala, na wagonjwa wote wamenigeukia. Nikanywa maziwa pamoja na damu ya mdomo wangu, funda baada ya funda, mpaka yakaisha. Mzee alihakikisha kikombe ni kitupu, ndipo akanigeuzia mgongo.